Shajara ya mradi: kubandua paneli za dashibodi na kufunga swichi nne kwenye Prado ya 1998

Gari ni Toyota Land Cruiser Prado ya 1998, injini ya petroli, betri moja. Vinaongezwa vitu vinne, kila kimoja na swichi yake kwenye dashibodi: taa mbili za mbele za LED (wati 36 kila moja), taa ya kazi ya nyuma (wati 18), soketi ya friji ya volti 12 kwenye buti, na utepe wa LED wa kumulika buti (wati 6). Mwenye RAV4, Noah au Toyota nyingine ya umri huo anaweza kufuata pia. Skrubu zitakuwa mahali pengine, lakini namna ya kubandua na namna ya kuunga umeme haibadiliki.

Kanuni iliyoongoza kazi nzima: swichi ibebe amri, rilei (swichi ya sumaku inayoamriwa na mkondo mdogo ili ipitishe mkubwa) ibebe mzigo. Kazi nyingi za mtaani zinazoishia kwenye harufu ya plastiki iliyoungua ni zile ambapo ampea zote za taa zimepitishwa kwenye swichi ya elfu tatu iliyotobolewa popote kwenye dashi.

Jumamosi, 14 Juni 2025: hesabu kwanza

Gari likiwaka, betri inasoma karibu volti 13.8. Taa za mbele: 72 gawanya kwa 13.8, ampea 5.2. Taa ya nyuma: 1.3. Friji ina lebo ya wati 60, hesabu ampea 5 kwa usalama. Utepe haufiki nusu ampea. Jumla ni kama ampea 12. Fyuzi zilizochaguliwa ni 7.5 kwa taa za mbele, 5 kwa taa ya nyuma, 10 kwa friji, 3 kwa utepe, na fyuzi kuu ya 25 karibu na betri.

Fyuzi inalinda waya, hailindi taa. Ndiyo maana fyuzi kuu lazima iwe ndani ya sentimita 20 hivi kutoka kwenye betri: kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote kikigusa bodi.

Vifaa vilivyonunuliwa: seti ya vijiti vya plastiki vya kubandulia, 15,000, koleo ya kubana terminali, ile yenye meno ya kufunga isiyoachia mpaka imebana sawasawa, 35,000. Koleo ya kawaida inaponda terminali bila kuishika waya, na joto huanzia hapo.

Jambo la kuangalia kabla ya kugusa betri ni redio. Baadhi ya redio za Toyota zenye ramani, zilizoingia na gari kutoka Japani, zikikatiwa umeme hujifunga na kuomba namba ya kuzifungulia. Washa redio, piga picha namba ya modeli, na uliza kama aliyeleta gari anazo namba zake. Vinginevyo utamaliza swichi na kubaki na redio bubu.

Jumapili, 15 Juni 2025: kubandua

Negativu ya betri ilitolewa kwanza, spana ya 10. Kisha kusubiri. Toyota inataka angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na mifuko ya hewa ya usalama, kwa sababu kompyuta yake hubaki na chaji ya kuilipua hata betri ikiwa imetolewa. Hapa zilipewa dakika 10. Plagi za njano na nyaya zilizovikwa njano ni za mfumo huo: usizikate, usizipime kwa mita wala kwa taa ya kupimia, usiunge kitu chochote juu yake. Mkondo mdogo wa kipimo unaweza kutosha kulipua mfuko usoni pako.

Mpangilio uliofuatwa: paneli ya chini ya usukani, fremu ya redio, plastiki za vizingiti vya milango, kisha paneli ndogo ya pembeni mwa miguu.

Paneli ya chini ya usukani ina skrubu chini na klipu juu. Leva ya kufungulia boneti imefungwa kwenye paneli hiyo hiyo, kwa hiyo ifungue leva kwanza. Ukivuta paneli ikiwa bado imeshika utapinda kebo ya boneti.

Fremu ya redio ndiyo iliyoleta hasara. Ilivutwa kutoka chini, upande wa kushoto ukaachia, upande wa kulia ukagoma. Ikaongezwa nguvu, na kikalio kimoja cha klipu kikapasuka. Nyuma ya kisahani cha majivu kulikuwa na skrubu. Shika hili: paneli ikiachia upande mmoja na kugoma mwingine, acha kuvuta, tafuta skrubu. Huwa zimejificha nyuma ya kisahani cha majivu, chini ya kapeti ndogo ya kitrei, au nyuma ya kifuniko kidogo cha plastiki kisichoonekana mpaka ukipapase kwa kucha. Na klipu hutoka kwa kuvutwa moja kwa moja kuelekea kwako. Ukiipinda paneli pembeni, kinachovunjika ni kikalio, si klipu, na kikalio ni sehemu ya paneli.

Ukarabati wa kikalio. Supagluu ilijaribiwa, ikaachia kabla paneli haijarudi mahali pake. Sababu imeandikwa nyuma ya paneli yenyewe: alama >PP<. Hiyo ni polipropilini, plastiki isiyoshika gluu ya kawaida. Tena mvuke wa supagluu huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu ya geji, kwa hiyo isitumike ndani ya gari kabisa. Kilichofaulu ni chuma cha kulehemulia risasi chenye ncha pana: yeyusha vijiti vya plastiki yenye alama ile ile ya PP ndani ya ufa, pande zote mbili, kisha acha ipoe bila kuigusa. Paneli yako ikiwa na alama >ABS<, njia ni nyingine: loweka vipande vya ABS ndani ya asetoni mpaka viwe uji mzito, paka, acha usiku kucha mahali penye hewa.

Klipu za chuma mara nyingi hubaki kwenye tundu la dashi paneli ikitoka. Zing'oe kwa koleo, zirudishe kwenye paneli, na zilizolegea zipanue kidogo. Zilizokuwa na kutu zilibadilishwa: klipu 9, shilingi 700 kila moja, 6,300.

Plastiki za vizingiti zinainuliwa kwa mkono kuanzia mwisho mmoja. Ile ya pembeni mwa miguu ina nati ya plastiki inayofunguka kwa vidole. Fanya haya chumba cha gari kikiwa na joto la kawaida la mchana. Plastiki ya zaidi ya miaka 20 iliyotoka kwenye baridi ya AC hukatika kama biskuti.

Kwa kuwa redio ilikuwa nje tayari: redio ya Japani inakamata FM kuanzia 76 hadi 90 tu. Kama unataka kufunga kigeuza masafa ili upate stesheni za juu ya hapo, huu ndio wakati.

Jumamosi, 21 Juni 2025: swichi

Upande wa kulia wa usukani kuna vifuniko vitupu vya swichi. Hapo ndipo pa kufungia, na paneli haitobolewi hata kidogo. Toyota ina saizi zaidi ya moja ya swichi hizi, kwa hiyo kifuniko kimoja kilitolewa na kubebwa hadi Ilala kwenye spea za mtumba, kikafananishwa na swichi mkononi. Swichi nne zilinunuliwa kwa 10,000 kila moja. Plagi zake pamoja na mikia ya nyaya yenye urefu wa kiganja, 3,000 kila moja, jumla 12,000. Usikubali swichi bila plagi. Kulehemu waya kwenye pini za swichi ni kuiyeyusha.

Swichi moja kati ya hizo ilikuwa ya kukausha kioo cha nyuma. Mita ikaonyesha kwamba inaunganisha pale tu unapoibonyeza, ukiachia inakata: ile huituma amri kwenye kompyuta, haikai imewaka. Ilirudishwa na kubadilishwa na ya taa za ukungu, kwa nyongeza ya 3,000. Kwa hiyo nenda na mita dukani, iweke kwenye mlio, bonyeza swichi, achia, sikiliza. Pini mbili zinazolia na kunyamaza ndizo za swichi. Zilizobaki ni za taa yake ya ndani. Tafuta chanya na hasi yake kwa betri ya volti 9, si kwa kukisia.

Kwa asiye na vifuniko vitupu, swichi za mapezi (rocker) zinazouzwa Kariakoo huingia kwenye tundu la milimita 37 kwa 21. Kwenye kipande cha paneli chakavu, kisu cha moto kilijaribiwa na kuacha kingo zilizovimba ambazo swichi haikuzishika. Matundu ya milimita 3 kwenye pembe nne, msumeno wa chuma ulioshikwa mkononi, kisha kusugua kwa tupa, ndiyo njia iliyotoa ukingo safi. Kata ndani ya mstari, malizia kwa tupa. Ukizidisha milimita moja swichi inacheza.

Kabla ya kukubali nafasi yoyote, ingiza mkono nyuma yake. Nafasi ya mwisho kulia ina bomba la hewa ya AC nyuma, na plagi yenye nyaya zilizonyooka haikuingia. Nyaya zilielekezwa pembeni mara tu zinapotoka kwenye plagi, na swichi ya utepe, yenye nyaya chache kuliko zote, ikapewa nafasi hiyo.

Jumamosi, 28 Juni 2025: waya wa shaba ambao haukuwa shaba

Kwa friji ilinunuliwa roli ya waya yenye lebo ya milimita za mraba 1.5, mita 12 kwa 1,200, jumla 14,400. Ulilazwa sakafuni kwa majaribio, mita 6 za kwenda na 6 za kurudi, na friji ikawashwa. Compresa iliinuka, ikazima, ikainuka tena, ikazima. Kwenye betri volti 12.5, kwenye plagi ya friji 11.4. Friji ina ulinzi wa kuzima volti ikishuka, na ulikuwa unafanya kazi yake.

Ukikwangua waya ule kwa kisu, wekundu unatoka na ndani ni weupe: alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya ule wa shaba halisi. Shaba safi ya 1.5 kwa mita 12 ina ukinzani wa karibu omu 0.14, na kwa ampea 5 ingepoteza volti 0.7, ambazo nazo ni nyingi kwa friji. Kwa hiyo hata lebo ingekuwa kweli, saizi haikutosha.

Badala yake ulinunuliwa waya wa shaba wa milimita za mraba 4, mita 12 kwa 3,500, jumla 42,000. Ulikwanguliwa palepale dukani mbele ya muuzaji, na hakuna mwenye duka mwaminifu anayekasirikia hilo. Upotevu uliopimwa ulikuwa volti 0.28, na friji haikuzima tena. Nyaya zote mbili, chanya na hasi, zilitolewa mbele; bolti za bodi za nyuma kwenye gari la umri huu, lililokaa Dar na hewa yake ya chumvi, hazifai kuaminiwa kwa friji.

Nyaya nyingine: 1.5 ya shaba kwa taa, mita 20 kwa 1,500, jumla 30,000, 0.75 kwa amri za swichi, mita 16 kwa 800, jumla 12,800. Zote za nyuzi nyingi laini. Waya wa nyumba wenye uti mmoja usiingie kwenye gari, mtetemo huukata ndani ya ganda na hutaona.

Jumatatu, 7 Julai 2025 (Sabasaba): ukuta wa injini, rilei, fyuzi

Boksi la fyuzi la njia sita na rilei tatu vilifungwa kando ya betri. Boksi 22,000, rilei tatu 21,000, soketi zake 9,000, fyuzi 5,000. Utepe hauna rilei. Nusu ampea swichi inaiweza.

Nyaya zilipita kwenye raba iliyopo tayari kwenye ukuta wa injini. Raba ilitobolewa kwa bisibisi nyembamba, nyaya zikapakwa sabuni ya maji na kusukumwa ndani ya mrija wa kalamu. Upande wa injini waya ulishushwa chini kwanza kabla ya kupanda kwenye raba, ili maji ya mvua yadondokee kwenye kona hiyo na yasifuate waya hadi kwenye kapeti.

Mpangilio wa rilei: 30 inatoka kwenye fyuzi, 87 inakwenda kwenye taa, 86 inatoka kwenye swichi, 85 inakwenda ethi, yaani hasi kupitia bodi ya gari. Swichi ya taa za mbele inachukua umeme wake kwenye waya wa taa za paking, ili ukizima paking na zile zizime. Taa ya nyuma na friji zinachukua kwenye umeme wa ufunguo ukiwa kwenye ON. Utepe pekee uko kwenye umeme wa kudumu, kwa sababu buti hufunguliwa gari likiwa limezimwa.

Mara negativu iliporudishwa, taa za mbele ziliwaka bila kugusa swichi. Rilei hizi zina pini tano, na ile ya katikati ni 87a, ambayo imeunganika rilei ikiwa imelala. Rangi za nyaya za soketi hazikulingana na mchoro uliokuja nayo. Soma namba zilizo chini ya rilei, usiamini rangi ya soketi. Waya ulihamishwa, na wa 87a ukakatwa na kuvikwa mpira wa kusinyaa.

Kosa la pili lilikuwa ethi. Ilifungwa kwenye bolti ya kishikio cha betri, na rilei zikawa zinatetemeka kwa mlio. Kati ya bolti ile na negativu ya betri, taa zikiwa zimewaka, mita ilisoma volti 0.9, inatakiwa isizidi 0.1. Rangi chini ya bolti haikukwanguliwa. Msasa mpaka chuma king'ae, washa (washer) ya meno, bolti, kisha grisi juu kuzuia kutu. Ikashuka hadi 0.04.

Diodi za 1N4007, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, ziliwekwa kati ya 85 na 86 za kila rilei, mstari ukielekea 86: tatu kwa 500, jumla 1,500. Rilei ikizimwa koili yake hurudisha mshtuko wa volti kubwa, na unaishia kwenye ncha ndogo za swichi ya mtumba. Redio nayo iliacha kupiga tak kila swichi ikizimwa.

Jumamosi, 12 Julai 2025: taa za ndani ya swichi

Waya wa kijani ndio chanya ya taa za dashi kwenye gari hili, na mweupe wenye mstari wa kijani unarudi kwenye kidhibiti mwanga. Thibitisha kwa mita, kwa sababu rangi hubadilika kati ya modeli. Hasi za swichi ziliungwa kwenye huo mweupe na kijani, kama zilivyo taa nyingine za dashi, na tatizo likajitokeza: kitaa kinachoonyesha kwamba kifaa kimewaka kinatumia hasi ile ile ndani ya swichi, kwa hiyo ukipunguza mwanga wa dashi usiku nacho kinafifia mpaka hakionekani. Taa ya nyuma ingeweza kubaki inawaka safari nzima bila dereva kujua, ikimpofusha aliye nyuma. Hasi zote nne zilihamishiwa ethi ya bodi. Swichi sasa haziitikii kidhibiti mwanga, na hilo ni sawa.

Maungio yote yalibanwa kwa terminali na kuvikwa mpira wa kusinyaa. Hakuna la kusokota na tepu. Dashi ya gari lililoegeshwa juani Dar hupita nyuzi 60 kwa urahisi, gluu ya tepu ya plastiki huyeyuka na kuachia, na kinachobaki ni shaba tupu inayotafuta chuma. Terminali 12,000, mipira ya kusinyaa 8,000, tepu ya kitambaa roli mbili 12,000, bomba la mikunjo mita 10 kwa 10,000.

Plagi moja ya njia nyingi iliwekwa kati ya swichi na nyaya za ukuta wa injini. Fundi atakayebandua dashi hii kesho aachanishe plagi moja na kutoka na paneli nzima, bila kukata chochote.

Jumamosi, 19 Julai 2025: kurudisha

Kinyume cha kubandua. Kabla ya kugonga klipu, kila swichi ilijaribiwa, taa ya mfuko wa hewa ikahakikishwa kwamba inawaka na kuzima yenyewe, na usukani ukazungushwa kona hadi kona kuona kama kuna waya unaosuguliwa. Mlio wa plastiki uliosikika kwenye barabara ya vumbi ulitoka kwenye ukingo wa fremu ya redio, karibu na kikalio kilichochomelewa. Kipande cha tepu ya kitambaa kwenye ukingo kiliumaliza.

Ijumaa, 8 Agosti 2025 (Nanenane): betri inaliwa polepole

Kipimo cha umeme unaotumika gari likiwa limelala: mita kwenye ampea 10, kati ya negativu na kebo yake, milango imefungwa, nusu saa ya kusubiri kompyuta zilale. Kabla ya mradi kilikuwa miliampea 24. Sasa 61. Kutoa fyuzi moja moja kulionyesha kwamba 37 za ziada ni za utepe wa buti, hata ukiwa umezimwa. Utepe ulikuja na kidhibiti cha kugusa, na swichi ilikuwa imewekwa kati ya kidhibiti na utepe, kwa hiyo kidhibiti hakikuwahi kulala. Miliampea 37 ni karibu ampea-saa 0.9 kwa siku. Gari likiegeshwa uwanja wa ndege wiki tatu, ni karibu 19. Kidhibiti kilitolewa kabisa, swichi ikaunganishwa moja kwa moja na utepe. Kipimo kikarudi 24.

Gharama yote bila taa, utepe, soketi na friji: shilingi 311,000. Ndani yake 14,400 ni za waya wa alumini, ambao sasa unatumika kufungia mizigo. Mchoro wa nyaya, wenye namba za fyuzi na mahali ethi ilipo, umekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni na kubandikwa chini ya kifuniko cha boksi la fyuzi.